Mstari Mtupu Katika Faili la Badi

Wanangu mlioko ng'ambo, na nyinyi mnaofunga mizigo kwenda: anayewaandikia haya hajafika popote. Mimi Zuhura, mzaliwa wa Kibokoni, nimevuka Feri kwenda Likoni mara za kuhesabika kwa vidole, na kila mara nimeshika chuma cha pembeni kama mtu anayepelekwa kunyongwa. Theluji nimeiona ndani ya friji tu. Lakini kwa miaka thelathini na moja nilikaa kwenye kiti kimoja, ghorofani juu ya duka la leso, Biashara Street, nikishika akaunti za watu wa Mombasa walioko Maskati, Jeda, London na Toronto. Hisa zao, hati fungani zao za serikali, vipande vyao katika mifuko ya uwekezaji. Saa ya Toronto niliijua kuliko saa ya kuepua wali wangu mwenyewe, na mume wangu ni shahidi, amekula ukoko miaka mingi bila kulalamika.

Sasa nimestaafu na watu wadhani nimepumzika. Lakini simu ikilia, nikaona namba yaanza na alama ya kujumlisha, siipokei upesi. Huiacha ilie mara tatu kwanza. Wajukuu hunicheka, "Bibi aogopa simu!" Waache wacheke. Wao hawakumjua Badi.

Kwa Badi nitafika. Kwanza niwaonyeshe mahali penyewe.

Mwenye ofisi alikuwa Mzee Akber, Mbohora aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka kwetu, mfupi, mwenye miwani minene na koti ambalo sijamwona akilivua hata katika joto la mwezi wa pili. Alikuwa wakala wa hisa tangu enzi za kupeleka karatasi kwa mkono. Nilipanda ngazi zake kumi na tisa na cheti changu cha kidato cha nne kwenye bahasha, nikamkuta anakunywa chai kwenye sahani.

"Waogopa nini duniani?" akaniuliza, kabla hata ya kuitazama bahasha.

Nami, nikitaka nionekane hodari, nikasema, "Siogopi kitu, Mzee."

"Basi rudi kwenu. Hapa nataka mwoga."

Nikasema haraka kwamba naogopa mende, maji marefu, na shangazi yangu. Akacheka mpaka chai ikamwagika, akanivutia kiti. "Sitakulipa kwa kuandika," alisema. "Kuandika hata makarani wa Kilindini waweza. Nitakulipa uogope. Wa hapa akiibiwa pesa zake, atapanda ngazi aje anipige. Wa mbali hajui hata kama ameibiwa. Sasa nani aogope kwa niaba yake?"

Nilidhani ni maskhara ya mzee. Nilikuja kujua kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Chukueni jambo dogo kama sahihi. Tulikuwa na mteja Jeda, fundi wa umeme, aliyefungua akaunti akiwa na miaka ishirini na miwili. Alitia sahihi ya kijana anayetaka kuoa: mikunjo, mikia, vitone viwili na mstari chini. Ilifanana na nyoka aliyekanyagwa. Miaka ishirini baadaye akataka kuuza hisa zake, na mkono ukakataa kutoa yule nyoka. Fomu tulimrudishia mara nne. Mara ya nne alinipigia, sauti ya mtu mzima inatetemeka: "Bi Zuhura, mimi ndiye mimi. Mkono tu si ule." Ndipo nilipoingiwa na baridi. Nani atamthibitishia mtu kuwa yeye ndiye yeye, akiwa peke yake, nchi ya watu, na karatasi yasema siye? Wekeni sahihi nyepesi, wanangu. Na kila mkija likizo, piteni kwa wakala wenu muitie upya mbele ya macho yake, hata kama hamna shughuli.

Au laini ya simu. Mwuguzi wetu mmoja wa London aliondoka na laini yake ya Kenya, akaitia kwenye droo huko, akaisahau. Laini isiyotiwa pesa kwa miezi hufungwa, kisha hupewa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine akawa muuza viazi wa bara. Kila gawio likiingia, meseji yaenda kwa muuza viazi. Kila namba ya siri ya kufungulia akaunti, kwa muuza viazi. Siku moja akanipigia, kwa adabu kabisa: "Mama, hizi pesa naambiwa zimeingia, mbona sizioni?" Nilicheka naye, tukaagana vizuri. Nilipoweka simu chini nikaifuta namba ile kwenye faili kwa wino mwekundu. Ningalimpata mtu asiyeuliza? Tieni pesa kwenye laini zenu, hata kidogo, hata kama mwaishi kwenye barafu.

Na siku za kazi, hizo ndizo zilizonizeesha. Sisi hufunga Jumamosi na Jumapili. Maskati hufunga Ijumaa na Jumamosi. Hesabuni wenyewe: kati yetu na wao kuna siku nne tu ambazo benki za pande zote mbili ziko macho. Pesa ikikosa Alhamisi adhuhuri imekosa. Mzee Akber alikuwa akiita Alhamisi "siku ya roho mkononi". Kumbukeni Alhamisi hiyo, nitairudia.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa kumjua anayezungumza. Mtu yuko Maskati, wewe uko Biashara Street, kati yenu ni waya tu, na sasa hata waya hakuna. Ofisi nyingine huuliza namba ya kitambulisho na jina la mama. Mzee Akber alisema hayo ni ya kuibika. Yeye alinifundisha kusalimia.

"Mtu wa Mombasa ukimsalimia," alisema, "atakujibu mpaka mwisho. Atakuuliza mume, watoto, jirani, mguu wa jirani. Mwizi ana haraka. Wewe salimia, usikatize, na katikati tia ndoano."

Ndoano ni swali dogo la uongo. Nilikuwa napiga namba iliyo kwenye faili, si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe. Nasalimia. Naulizia mama, goti la mama, kisha naulizia mtu aliyekwisha kufa kana kwamba yuko hai. Mwenyewe atashtuka: "Bi Zuhura, si alitangulia?" Mwizi atasema hajambo, akusalimia. Kwa salamu tuliwakamata wezi watatu ambao vitambulisho vyao vilikuwa safi kuliko vyangu. Nikavimba kichwa. Nikajiona mimi ni askari kanzu. Oneni basi.

Badi alikuwa mtoto wa mtaa wa Kuze, fundi wa mashine za kupakulia mizigo huko Maskati. Mwembamba, mcheshi, meno ya mbele yameachana. Miaka kumi na minne alituma kila mwezi, bila kukosa, fungu moja kwetu tuliweke kwenye mfuko wa uwekezaji na hati fungani. Alikuwa anataka kuirudisha mikononi nyumba ya mamake, Bi Mwanakombo, ambayo ndugu walikuwa wameigawa vyumba vyumba wakapangisha. Kila akija likizo alikuwa anapanda kuja kutusabahi, na mfuko wa halua mkononi.

Fomu yetu ya kufungua akaunti ilikuwa na kurasa tatu, na mstari wa mwisho kabisa uliuliza: endapo mteja hataweza kujieleza mwenyewe, nani ana idhini ya kusema kwa niaba yake? Jina, sahihi, na pale pale huambatanishwa hati ya uwakili iliyogongwa muhuri wa wakili. Kazi ya nusu saa. Siku Badi anafungua akaunti, nilipofika mstari huo nikausoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja uchi.

Badi akaweka kikombe. "Bi Zuhura! Waniombea maradhi?"

"Astaghfirullah! Mimi? Nikuombee wewe maradhi?"

"Ndiyo maana yake. Nami sijaoa bado! Mzee Akber, mwasikia? Karani wako ataka nipooze."

Wote wakacheka ofisini. Mimi nikaona haya. Mnajua tulivyo sisi: mtu aliye mzima humwulizi atakapougua, humtajii kufa, wala humsomei mstari kama ule na halua yake bado iko mdomoni mwako. Nikakunja karatasi nikasema, "Tutajaza ukirudi." Akarudi likizo tano. Mara tano nikalitoa faili, nikauona mstari ule, nikalirudisha. Mara ya tatu nilijaribu, akaniambia, "Wewe na mstari wako mtanizika hai," tukacheka, tukanywa chai.

Mzee Akber hakujua. Alikuwa akikagua kurasa mbili za mwanzo. Ya tatu aliniachia mimi, mwoga wake.

Basi Jumatatu moja ikaja barua pepe kutoka kwa Badi. Yataka tuuze vipande vyote vya mfuko, hati fungani tuziache, pesa zipelekwe akaunti mpya huko Maskati, jina lake mwenyewe. Sahihi ni yake. Akaunti mpya hutia wasiwasi, kwa hiyo nikafanya kama nilivyofundishwa: nikapiga namba iliyo kwenye faili.

"Asalaam aleikum, Bi Zuhura," sauti ikajibu, imekwaruza kidogo.

"Waaleikum salaam, Badi. Mbona sauti hivyo?"

"Mafua. Hizi mashine za baridi zitatuua. Hujambo wewe? Mzee Akber? Ngazi bado zamshinda?"

Tukasalimiana mpaka mwisho. Aliniulizia mume wangu na ukoko wake. Aliulizia paka wa duka la chini. Nami nikatia ndoano: "Na mjomba wako Athmani, naye hajambo?"

Akashtuka. "Bi Zuhura, mjomba si alitangulia? Mungu amrehemu. Tulimsomea hapa hapa chumbani."

Nikamwomba radhi, nikajiona bingwa, nikatia muhuri. Kuuza vipande huchukua siku tatu. Pesa zingetoka benki yetu Alhamisi, saa sita za mchana.

Alhamisi hiyo, kama saa nne asubuhi, nilishuka kununua vitumbua. Mlangoni kwa sonara, duka la tatu kutoka letu, nikamwona Bi Mwanakombo, mama Badi, na kitambaa kimefungwa fundo mkononi. Nilijua kilichomo bila kuuliza. Mama wa makamo hasimami kwa sonara saa nne za asubuhi na fundo mkononi ila amekuja kuuza bangili.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo. Kwema?"

"Marahaba, mwanangu. Si kwema." Macho yalikuwa mekundu. "Badi hana kauli."

"Hana kauli vipi?"

"Ameanguka Jumamosi. Mwenziwe wa chumbani, Kassim, amenipigia jana. Alikuwa akinificha kwa ajili ya presha yangu. Yeo siku ya sita, hasemi, hajui mtu. Wamempasua kichwa mara moja, na mara ya pili hospitali yataka amana, pesa iwekwe kwanza."

"Jumamosi?" nikasema. "Bi Mwanakombo, mimi nimesema na Badi Jumatatu."

Hapo ndipo nilipokosa, na sitaki mkose kama mimi: msiseme kitu kabla hamjakifikiri mbele ya mama wa mgonjwa. Alidondosha kile kitambaa. Akanishika mabega yote mawili, uso wake ukafunguka kama mlango.

"Umesema naye? Amesema? Mwanangu ana kauli! Alhamdulillahi, Bi Zuhura, Mungu akupe! Amesema nini?"

Sonara akatoka kutazama. Na mimi nimesimama pale, na paka wa duka la chini ananizunguka miguuni, nikijua mambo mawili kwa wakati mmoja: ya kwamba nitamwondolea mama huyu furaha yake sasa hivi kwa mdomo wangu, na ya kwamba Jumatatu nilisalimiana mpaka mwisho na mtu nisiyemjua.

"Si yeye," nikamwambia. "Nisamehe. Nadhani si yeye."

Ngazi kumi na tisa sikumbuki nilizipandaje. Mzee Akber aliinua uso, akaona uso wangu, akaondoa sahani ya chai kwenye karatasi. Nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Piga simu. Mbele yangu. Fungua sauti nisikie."

Ikaita. Ikapokewa. "Asalaam aleikum, Bi Zuhura..."

"Usinisalimu," nikasema.

Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo maishani, wala kabla wala baada. Upande wa pili nikasikia kifaa fulani kinalia pip, pip, pip.

"Wewe nani?"

"Kassim," ikasema ile sauti, na sasa haikuwa na mafua. "Mimi Kassim, mtu wa Kisauni. Nakaa chumba kimoja na Badi mwaka wa tisa huu."

"Ulimjuaje mjomba Athmani?"

"Bi Zuhura, chumba chetu ni vitanda viwili na sufuria moja. Kila Ijumaa apiga simu kwao amefungua sauti. Mjomba wake nimemlilia. Wewe nakujua, mumeo namjua, paka namjua. Namba ya siri ya kadi yake ya benki ni moja nne mwanzo, nne sita mwisho. Mimi ndiye nimnunuliaye mkate kwa kadi hiyo. Hiyo akaunti ni yake, kampuni ilimbadilishia benki mwezi jana. Bima ya kazi imekwisha na mkataba mpya haujatiwa sahihi, kila mtu anyosha kidole kwa mwenziwe. Daktari asema wasipompasua Ijumaa, asilaumiwe yeye kwa kitakachotokea. Pesa zake ziko kwenu. Za kwake! Nimekopi sahihi yake, ndiyo. Nifungeni. Lakini zitoke saa sita."

Nikamwambia aweke simu sikioni kwa Badi. Akaweka. Nikaita, "Badi. Badi, mimi Bi Zuhura." Nikasikia pumzi, nzito, yenye kukoroma, na ile pip. Sijui nilitaka nini.

Mzee Akber alikuwa amekwisha kulifungua faili. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akafungua wa tatu, akashuka na kidole mpaka chini, na kidole kikasimama. Mstari mtupu.

"Zuhura," akasema polepole. "Hapa pangekuwa na jina la mamake, ningemwita pale chini atie kidole, pesa zingetoka sasa hivi, halali. Pangekuwa na jina la huyu Kassim, ningezitoa. Hapa pana nani?"

"Hapana mtu, Mzee."

"Kwa nini?"

Ningemjibu nini? Kwamba kijana alinitania nikaona haya? Nilimjibu hivyo hivyo. Alivua miwani, akaisugua na ncha ya koti, akaivaa tena.

Sasa fikirini nanyi, maana mimi bado nafikiri. Kassim alikuwa amekwisha kunidanganya mara moja, vizuri kabisa. Pengine na hii ni mara ya pili. Pengine ile pip ni ya saa ya ukutani. Pengine Badi amelala njaa mahali na huyu ana kadi yake na anataka jasho la miaka kumi na minne. Nikiziachia pesa na yeye ni mwizi, nyumba ya Bi Mwanakombo imekwenda. Nikizizuia na yeye ni mkweli, nimemzuia mgonjwa na mlango wa daktari. Na kwa sheria sikuwa na la kuchagua: maagizo yale yalikuwa ya kughushi, nami nimeambiwa hivyo na mwenyewe aliyeghushi. Tulijaribu wakili, akasema ni mpaka mahakamani, tena majuma kadhaa. Tukapigia ile hospitali kwa namba tuliyoitafuta sisi wenyewe. Tukazungushwa, kisha mtu akathibitisha kuwa mgonjwa wa jina hilo yupo, na zaidi ya hapo hasemi ila kwa jamaa.

Saa sita kasoro dakika kumi nikapiga benki nikazizuia. Mkono wangu huu. Kassim alikuwa bado yuko kwenye simu, tulikuwa hatujakata.

"Umezuia?" akauliza.

"Nimezuia."

"Basi umemuua," akasema, bila kupiga kelele. Akakata.

Mzee Akber alisimama. Alifunga dirisha, akafunga droo, akashuka zile ngazi ambazo zilikuwa zinamshinda, nami nyuma yake. Pale chini Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye kibao cha duka la leso. Mzee akamwomba kile kitambaa cha bangili. Akafungua fundo, akamrudishia bangili, akabaki na kitambaa. Akaanza duka la kwanza. "Mtoto wa Kuze yuko hospitali Maskati, hana kauli," akasema. Akatia yeye kwanza. Duka la pili. La tatu, la sonara. Alipita Biashara Street nzima upande mmoja, akavuka, akarudi upande wa pili, watu wazima wanasimama wakimwona Mzee Akber, aliyekuwa hatoki ofisini, anatembea juani na kitambaa cha mwanamke mkononi. Tulihesabu alasiri. Tukaongeza za msikitini. Mume wangu akaleta zake bila kuulizwa, akasema ni za miaka aliyookoa kwa kula ukoko.

Lakini ilikuwa Alhamisi alasiri. Benki za Maskati zilikuwa zimefunga mpaka Jumapili. Amana ilifika Jumapili, kwa mkono wa mtu aliyepata ndege Jumamosi. Badi alipasuliwa Jumatatu badala ya Ijumaa.

Aliishi. Alipopata fahamu alikuwa na nusu ya ulimi, na mkono wa kulia haukurudi. Mara nyingi nimetaka kumwuliza daktari mmoja, yeyote, kama siku zile tatu ndizo zilizouchukua mkono. Sijauliza, wala sitauliza. Huyo ndiye ninayemwogopa simu ikilia: mtu atakayenipa jibu.

Miezi saba baadaye nilisikia hatua kwenye ngazi, mbili nzito, moja ya kuburuta. Akaingia Badi, ameegemea bega la mtu mnene mwenye upara. Badi amekonda, mdomo umekwenda upande, lakini meno yake yaliyoachana ni yale yale. Yule mnene akasimama mlangoni haingii.

"Asalaam aleikum, Bi Zuhura," akasema, na nywele zikanisimama, maana ilikuwa sauti ya Jumatatu.

"Waaleikum salaam, Kassim," nikasema. "Kaa. Na leo nisalimu mpaka mwisho."

Alinisalimu. Alilia katikati, nami nikalia, na Mzee Akber akajifanya anatafuta karatasi chini ya meza muda mrefu mno. Pesa za Biashara Street zilirudishwa duka kwa duka. Hati fungani zilikuwa hazijaguswa. Nyumba ya Kuze vyumba viwili vilikombolewa, na Badi anakaa cha mbele.

Lakini siku ile, baada ya chai, nililitoa faili. Nilifungua ukurasa wa tatu. Sikusoma kwa sauti ya chini. Nilisoma kama mwadhini.

Badi akakusanya ulimi wake. "Wa... waniombea maradhi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Sema jina."

Akacheka kwa nusu ya mdomo. Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika mwenyewe, herufi kubwa kama za mtoto wa madrasa, jasho lamtoka: KASSIM.

"Huyu mwongo?" nikasema.

"Huyu huyu," akasema Badi.

Kassim alitia sahihi, kisha akaisukuma kalamu upande wangu. "Na wako, Bi Zuhura? Nasikia nawe una akaunti hapa. Nani asema kwa ajili yako?"

"Mimi?" nikacheka. "Mimi naenda wapi? Sivuki hata Feri."

"Badi naye hakuwa akienda popote," akasema Kassim. "Siku aliyoanguka alikuwa ameketi kitini, anakunywa chai."

Mzee Akber alikuwa amekwisha kulitoa faili langu kabatini. Akalifungua ukurasa wa tatu, akaliweka mbele yangu. Mstari wangu ulikuwa mtupu, miaka thelathini.

Nimeujaza. Niliharibu herufi ya kwanza, lakini nimeujaza. Jina si la yeyote kati yenu, kwa hiyo msije kesho na mifuko ya halua. Leteni fomu zenu.